Dereva hanywi maji

Ilikuwa Jumamosi, Februari 2023, mwendo wa saa nane mchana, nami niko kwenye foleni ya feri ya Likoni upande wa kisiwani. Nyuma nimembeba mama mmoja na wanawe wawili, nimewatoa uwanja wa ndege nawapeleka Ukunda. Siku hizo njia ya Dongo Kundu ilikuwa haijakamilika, kwa hiyo kwenda kusini ni feri, upende usipende. Foleni imekufa. Kaskazi imeacha kuvuma, lami inafukuta, nami nimezima injini nisiunguze mafuta bure, na kiyoyozi nacho kimezimika.

Maumivu yalianzia ubavu wa kulia, kwa nyuma, chini ya mbavu. Nikadhani ni kiuno, maana kiuno ni ugonjwa wetu sote tunaokaa nyuma ya usukani. Nikajinyoosha, nikajaribu kukaa upande. Baada ya dakika kama kumi yakashuka kuelekea kinenani, na hapo nikajua hiki si kiuno. Yalikuwa yanakuja kama mawimbi: yanapanda mpaka unashindwa kuvuta pumzi, yanalegea ukadhani umepona, halafu yanarudi na nguvu zaidi. Yule mama akaniuliza, "Baba, mbona wavuja jasho hivyo?" Nikafungua mlango, nikapiga magoti barabarani, nikatapika.

Dereva aliyekuwa nyuma yangu, mtu ambaye hata simjui, aliwachukua abiria wangu na mizigo yao. Kijana wa tuktuk akapenya katikati ya magari, akanishika kwapani. "Ami, twende, niegemee mimi," akasema, na hakutaja bei. Kila nikipita Likoni humtafuta kijana yule kwa macho, na sijamwona tena. Namwombea kheri.

Nina miaka 51 sasa. Teksi naendesha hapa Mombasa tangu 2001, na stendi yetu iko karibu na Mapembeni, Moi Avenue. Miaka yote hiyo nimesikia watu wakisema madereva huugua kwa kuwa wanakaa tu na wanapenda kula. Upo ukweli ndani yake, nami nitaufikia. Lakini ugonjwa wangu mimi ulianza na jambo ambalo watu hawalitaji kwa kuona haya: hatuna pa kukojoa, kwa hiyo hatunywi maji.

Hospitalini walinipiga sindano ya maumivu, wakachukua mkojo. Niliutazama ule mkojo kwenye kichupa. Rangi yake ilikuwa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, ile strungi ya mkahawani iliyokaa jikoni tangu asubuhi. Picha ya altrasaundi ikaonyesha jiwe la milimita 4 kwenye mrija unaotoka figo ya kulia kwenda kibofuni. Presha walipoipima ilikuwa 168 juu ya 104. Daktari alikuwa msichana mdogo, rika la binti yangu mkubwa. Akaniuliza kwa upole, "Baba, leo umekunywa maji kiasi gani?"

Nikamwambia ukweli. Leo sijakunywa.

"Na jana?"

Jana glasi moja, usiku, baada ya chakula.

Akaweka kalamu chini. "Kwa nini, baba?"

Nikamweleza siku yangu ilivyo. Naamka saa kumi na nusu alfajiri. Baada ya swala nakunywa kahawa chungu vikombe viwili. Saa tatu ni mahamri kwa mbaazi na strungi. Mchana soda baridi, kwa sababu ya joto. Alasiri kahawa tena, ili nisisinzie. Maji nayaogopa. Nikiyanywa asubuhi, saa nne nimebanwa, na saa nne naweza kuwa na abiria katikati ya foleni ya Nyali, au nimeshuka Kizingo, au niko Changamwe nimezingirwa na malori ya bandarini mbele na nyuma. Nitashuka niende wapi?

Mtu aliye ofisini hawezi kulijua jambo hili. Yeye choo chake kiko mwisho wa ukumbi. Sisi chetu ni hesabu. Choo cha kulipia ni shilingi kumi au ishirini, na hizo si pesa za kumshinda mtu, lakini kwanza upate pa kuegesha. Ukiacha gari pabaya dakika tano, ukirudi unakuta gurudumu limefungwa mnyororo, na kulifungua ni pesa ya siku nzima. Ukienda kituo cha mafuta bila kununua mafuta, mlinzi anakwambia choo kimeharibika. Ukiingia hotelini, unaulizwa unamtafuta nani. Na ukiwa na abiria ndani ya gari, utamwambiaje, "Samahani, ngoja nikakojoe"? Wengine wataelewa. Wengine watakuandikia nyota mbili kwenye simu.

Misikiti ndiyo imetuokoa. Mombasa, alhamdulillah, huendi mbali bila kukuta msikiti, na msikiti una vyoo na maji. Mimi ni Mwislamu, naingia bila wasiwasi, nasafika, pengine nasali rakaa mbili nikatoka. Wenzangu Wakristo wengi nao huingia na hawafukuzwi, lakini wananiambia huingia kichwa chini kama wezi. Usiku baada ya Isha misikiti mingi hufungwa, na hapo ndipo madereva wa usiku wanapobaki na ukuta, au na chupa.

Naitaja chupa kwa sababu ipo. Chupa tupu ya maji chini ya kiti, karibu kila teksi ya usiku inayo. Nimeitumia miaka. Mke wangu aliikuta siku moja akifagia gari, akaniangalia, hakusema neno, na ile aibu ya siku ile hainitoki. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, anajisaidia ndani ya chombo anachobebea watu.

Daktari alinifafanulia mambo ambayo ningependa niyajue nikiwa na miaka 30. Figo huchuja damu mchana na usiku, na taka na chumvi huzitoa pamoja na maji. Maji yakiwa haba, zile chumvi zinabanana kwenye mkojo mzito, zinaganda kama chumvi inavyobaki kwenye vidimbwi jua likivikausha. Mawe mengi ya figo ni kalsiamu iliyoshikana na oksaleti. Mtu wa mji wa joto kama wetu hupoteza maji mengi kwa jasho kabla hata hayajafika kibofuni, na kwa hiyo watu wa nchi za joto hupata mawe zaidi. Sasa mweke mtu huyo kwenye gari juani kwa muda wa saa kumi na mbili, mpe kahawa na strungi, mnyime maji. Strungi nzito yenyewe ina oksaleti nyingi.

Na chumvi. Hapa ndipo chakula kinapoingia. Mimi nilikuwa nakula viazi karai au bajia kwa chatini karibu kila siku, usiku mishikaki na chipsi, kwa sababu ndivyo vinavyoliwa kwa mkono mmoja ndani ya gari. Chumvi ikizidi, figo humwaga kalsiamu nyingi kwenye mkojo, na presha nayo hupanda. Jambo moja linaharibu mara mbili.

Dawa yenyewe aliyonipa ya kwanza ilikuwa maji. Ninywe mpaka nitoe mkojo wa lita mbili hadi mbili na nusu kwa siku, na kwa jasho la Mombasa hiyo ina maana ya kunywa lita tatu na zaidi. Nisihesabu glasi, niangalie rangi: ukiwa mweupe au manjano hafifu, vema. Ukianza kufanana na chai, nimechelewa. Nikamulie ndimu ndani ya maji, kwa kuwa asidi ya ndimu huzuia zile chembe zisishikane. Jiwe dogo chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Langu lilitoka siku ya tisa, nyumbani, alfajiri. Ni kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Nimelihifadhi kwenye karatasi, na ninapowaonyesha vijana pale stendi hawaamini kwamba kitu hicho kilinipigisha magoti mbele ya watoto wa watu. Lakini aliyepata moja yuko kwenye hatari zaidi ya kupata la pili, na ndiyo maana nanywa hadi leo.

Binti yangu wa pili anasoma, na yeye ndiye aliyenitafutia habari zaidi. Kumbe wenzetu wa mbali yamewapata haya haya. Mwaka 2014 madaktari wa New York waliandika makala nzima kuhusu njia ya mkojo ya madereva wa teksi: kuzuia haja, mawe, maambukizi ya mkojo, matatizo ya uzazi yanayohusishwa na kukaa muda mrefu kwenye joto la kiti. Niliposomewa nilinyamaza kwa muda. Mtu wa New York na mimi wa Mombasa, hatujuani, tunabana mkojo mmoja.

Akanisomea pia habari ya London. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva na kondakta wanatoka mtaa mmoja, wanafanya kazi kwenye basi moja, mshahara haupishani sana. Dereva amekaa, kondakta anapanda na kushuka ngazi kutwa. Ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi, na uliwaua zaidi. Nikawakumbuka makanga wetu wa matatu wanavyorukaruka mlangoni, na dereva wake aliyekaa palepale tangu alfajiri, tumbo limegusa usukani.

Basi nakubali, kukaa kunaua. Lakini angalieni jinsi mambo yanavyofungana. Asiyetaka kukojoa hashuki garini. Asiyeshuka hatembei. Miguu inavimba, mgongo unakaza, kisha anatafuta kidonge.

Vidonge ndivyo vinavyoniogopesha kuliko yote. Pale stendi diklofenaki inamezwa kama njugu. Kiuno kikiuma, diklofenaki. Kichwa, diklofenaki. Mimi mwenyewe nilikuwa nanunua kwa duka la dawa bila kuandikiwa, pengine siku nne mfululizo, tumbo tupu. Daktari aliposikia alikunja uso. Dawa za jamii hiyo hupandisha presha na hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na kwa mtu aliyekaukiwa maji madhara yake ni makubwa zaidi. Hospitali inaweza kukupiga sindano yake moja kwa maumivu ya jiwe, wakiwa wanakuangalia. Kumeza kila siku juu ya kahawa na kiu ni jambo jingine kabisa, na wengi wanaofanya hivyo hawajui kuwa wana presha.

Muguka nayo, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Najua hapa nitawaudhi wengi, na wengine ni marafiki zangu. Mei 2024 kaunti ilipoipiga marufuku, maneno yalikuwa mengi na kesi ikaenda mahakamani, na sitaki kuingia kwenye siasa yake. Nasema nilichokiona. Dereva wa usiku anayengojea gari moshi la Nairobi kule Miritini, linaloingia kabla ya alfajiri, anatafuna ili asilale. Majani yale yanafukuza usingizi, ndiyo, lakini yanaongeza mapigo ya moyo, yanapandisha presha, yanakausha kinywa, na kwa wanaume yanabana mkojo usitoke vizuri. Anatafunia na soda. Saa mbili asubuhi bado yuko barabarani na macho mekundu, anasema hana usingizi. Mwili una usingizi. Yeye ndiye asiyeusikia.

Mwaka 2019 tulimkuta mwenzetu mmoja ndani ya gari lake, taa zinawaka, mdomo umepinda, anajaribu kutwambia kitu. Alikuwa na miaka 46. Kiharusi. Tulidhani amelewa, na nasema hili kwa uchungu, tulipoteza karibu saa nzima tukimpa maziwa na kumpepea. Siku hizi najua: mdomo ukipinda, mkono ukikataa kunyanyuka, maneno yakivurugika, ni kukimbilia hospitali hapo hapo, bila kumpa chochote mdomoni. Yuko hai, yuko kwao Kisauni, mkono wa kulia umelala. Mkewe ndiye anayekaanga mihogo kuwalisha. Kabla ya siku ile hakuwahi kupima presha hata mara moja.

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Nilichukua karatasi nikajumlisha zangu. Saa 14 kwa siku, siku sita. Ni saa 84. Na si kwa kupenda. Gari si langu. Tajiri nampelekea 1,500 kila siku, mafuta juu yangu, na siku isiyo na abiria 1,500 ni ile ile. Mtu akiniambia nipunguze saa, namheshimu, lakini anionyeshe pia pa kuzipunguzia.

Kwa hiyo nimebadilisha yale ninayoyaweza. Asubuhi naweka garini chupa mbili za lita moja na nusu, moja na ndimu. Nanywa kidogo kidogo, mafundo machache kila nikimshusha abiria, kwa sababu ukinywa nusu lita kwa mkupuo utajuta kwenye daraja la Nyali. Mji nimeupanga upya kichwani kwa vyoo: najua Tudor naingia wapi, Bondeni wapi, Bamburi wapi, nani mlinzi mwema na nani hana moyo. Nikishuka kwenda haja natembea hatua mia mbili kabla ya kurudi garini. Mahamri sikuacha, mbaazi sikuacha, ila viazi karai ni Ijumaa tu. Mwezi wa Ramadhani daktari aliniambia maji niyagawe kuanzia futari mpaka daku, nisiyasukume yote wakati wa kulala, na dawa ya presha tukaipangia saa zake. Kwa wenye mawe makubwa au figo dhaifu, ulizeni kwanza kabla ya kufunga.

Pale stendi tuko 14. Tulichanga 250 kila mmoja tukanunua mashine ya presha. Siku ya kwanza tulipimana kwa fujo na wengi walisoma juu, mpaka binti yangu akaja kutufunza: ukae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, usiwe umetoka kunywa kahawa, na kibofu kiwe tupu, kwa kuwa mkojo ukikubana kipimo hupanda. Wazee wakatazamana. Hata kujua presha yetu, kwanza tupate choo! Tulipopima vizuri, kwa siku tatu tofauti, sita kati yetu walikuwa juu ya 140 kwa 90. Mmoja ana miaka 29. Aliponiuliza, "Ami, sasa nitakufa?" nilimpeleka mwenyewe kliniki, tukakaa foleni pamoja mpaka adhuhuri, na hesabu ya tajiri siku ile niliilipa kwa kukopa.

Choo tumekipata mwezi uliopita. Mwenye mkahawa wa nyuma ya stendi amekubali tumpe 1,000 kwa mwezi, sote pamoja, na tukioshe kwa zamu. Mzee wetu wa stendi alikwenda kuzungumza naye mara tatu. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari juu ya benchi letu, na kipande cha kamba ya bluu.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja anayeendesha teksi, si wa stendi yetu, kazi yake hasa ni Miritini na uwanja wa ndege. Alikuwa amesikia. Alisimama kando, hakutaka kusema mbele ya wanaume, mpaka mzee wetu akamwelewa, akainuka, akautoa ufunguo msumarini akamkabidhi bila neno. Aliporudi alituambia ameanza kazi saa kumi alfajiri, na ilikuwa saa saba mchana. Sikuwa nimewahi kuwaza wao hufanyaje, wasio na hata chupa. Jumatatu tulichonga ufunguo wa pili, na huo anakaa nao yeye na wenzake wawili.